Jirani wa Pili

Mwanaume hanunui pazia lenye marinda. Nililijua hilo siku Randa aliponitumia picha yake ya kwanza kutoka ughaibuni. Amekaa kitandani, anacheka meno yote nje, na nyuma yake kuna pazia la zambarau lililokunjwa marinda madogomadogo na kumaliziwa kwa lesi. Mama aliiangalia ile picha akasema, chumba si kibaya. Kaka akasema jamaa mambo yamemnyookea. Mimi niliivuta ikawa kubwa, nikaangalia pindo. Mimi ni fundi cherehani, pindo ndilo jambo la kwanza ninaloliona. Lile lilikuwa limeshonwa kwa mkono, na mwenye mkono huo alikuwa mwanamke, tena mwenye subira zake.

"Nani kakushonea pazia?" nilimuuliza kwenye simu jioni hiyo hiyo.

"Pazia gani?"

"Lililo nyuma ya kichwa chako."

"Ah, hilo? Nimelikuta."

Amelikuta! Watu wanahamia chumba wakakuta kunguni, wakakuta misumari ukutani. Sijawahi kusikia mtu amehamia akakuta lesi.

Nina wivu, sijawahi kuuficha, na Randa aliuposa pamoja na mimi. Kwetu na kwao palikuwa na ua wa michongoma unaofika kifuani. Yeye alikuwa seremala, watu wakambandika jina la Randa kwa sababu ya ile randa yake ya kulainishia mbao iliyokuwa ikilia tangu jua halijachomoza vizuri. Kila asubuhi, kabla hajagusa mbao, aliita kwa juu ya ua, "Jirani!" Nami hata niwe nimebana pini mdomoni, niliitika, "Abee!" Anaomba kiberiti, anaomba mkasi, anaomba uzi wa kupimia mbao. Mkono wangu unapita juu ya michongoma, mkono wake unapokea. Ndivyo tulivyoanza. Mbele za watu mimi nilimwita Randa kama wote, lakini pale kwenye ua hakuna aliyekuwa na jina lingine, mimi jirani, yeye jirani. Hata siku aliponiposa hakusema maneno mengi.

"Jirani," aliniambia, "lini tutaung'oa huu ua?"

Nilikimbilia ndani nikaja kumjibu kesho yake.

Mama aliipokea posa shingo upande. Alisema kijana anayetaka kusafiri kabla ya ndoa huwa anaoa huko huko aendako, na akirudi anakuletea skafu. Randa akasafiri. Nikangoja. Picha ya pazia ikaja, nikaacha kungoja. Nilimtafuta wakala wa kazi za nje, na aliponiambia kuna hoteli katika mji ule ule inataka fundi wa mavazi, sikumuuliza hata inaitwaje.

Sasa nieleze hiyo kazi ya mavazi. Iko chini ya ardhi, haina dirisha. Mashuka yanatoka kwenye pasi ya roli yakiwa ya moto, mnayadaka wawili wawili, mnavuta, mnakunja, mnapanga, mnadaka tena. Vidole vyangu vilivyokuwa vinatunga uzi sindanoni bila kuangalia vimekuwa na malengelenge. Sindano yenyewe nimeishika mara moja tangu nifike, kurudishia kifungo cha koti la msimamizi, na hakusema asante. Mama akipiga simu namwambia nashona. Akiniuliza nashona nini, nasema nguo za harusi.

Na Randa? Randa nilikuwa naonana naye kwenye benchi. Siku zangu za mapumziko alinikuta kwenye benchi la chuma linalotazamana na stendi ya mabasi, amevaa shati lililopigwa pasi, ananiletea karanga kwenye karatasi. Alinishika mkono kwa namna ile ile. Alinitazama mpaka nikaangalia chini. Lakini nikimwambia twende kwako, anakuwa na shughuli na kamba za viatu vyake.

"Wanapaka rangi," alisema mara ya kwanza.

Mara nyingine maji yamekatika. Mara nyingine mwenye nyumba hapendi wageni.

"Huyo mwenye nyumba," nilimuuliza, "anavaa lesi?"

Alicheka, ila macho hayakucheka. Na jambo moja lilinikaa kooni, tangu nifike hakuwa ameniita jirani hata mara moja. Ananiita "mpenzi," kama wanavyoitana watu kwenye matangazo ya sabuni.

Mama naye hakunipa nafasi ya kupumua. "Jumapili mchana nitapiga ile simu ya kuonana," alisema. "Nataka nione anapolala. Nisipopaona, posa yao nairudisha Jumatatu, na sitaki kusikia mtu analia."

Nilimwambia Randa. Akasema Jumapili ana zamu. Nikasema sawa, kwa sauti laini sana, na yeyote anayenijua angeogopa.

Aliwahi kuponyokwa kwamba anakaa juu ya saluni, mtaa wa nyuma ya soko. Jumapili nilivaa gauni langu la kijani nililolishona mwenyewe, nikaenda. Mlangoni mwa saluni ile alikuwa amekaa mama mmoja na rola kichwani.

"Namtafuta Randa."

"Randa?" Alifikiri. "Hapa hatuna Randa."

"Mrefu, ana kovu kwenye kidole gumba. Seremala."

"Seremala pia hatuna. Aa! Unamtaka jirani wa msusi! Panda juu, mlango wa mwisho."

Jirani wa msusi. Nilizipanda zile ngazi mbili mbili.

Korido ilikuwa nyembamba, viatu vimepangwa nje ya kila mlango, ndoo, majaba, kamba yenye soksi zinazodondosha maji. Mlango wa mwisho ulikuwa umeegeshwa. Niliinua mkono nibishe hodi, na hapo nikaisikia sauti yake.

"Jirani!"

Haikuwa sauti ya kumwita mtu wa chumba cha pili. Ilipanda mwishoni, ikavutwa kidogo, ilikuwa ile ile ya asubuhi juu ya michongoma. Nikafungua mdomo niitike.

"Abee!" akaitika mwanamke mwingine.

Niliusukuma mlango kwa bega.

Niliona kwanza pazia. La zambarau, marinda, lesi, lote. Kisha kitanda chenye shuka lenye pindo linaloning'inia mpaka chini, meza ya vioo, vichwa vya plastiki vimevalishwa mawigi. Mwanamke alikuwa amesimama amenipa mgongo, mzuri hata kwa nyuma, nywele amezisuka mistari myembamba isiyokosea. Mbele yake chumba kilikatwa na ukuta wa plaiwudi usiofika darini. Alikuwa amenyoosha mkono juu, ameshika mkasi. Upande wa pili mkono mwingine ukachomoza juu ya plaiwudi, wenye kovu la patasi kwenye kidole gumba, ukaupokea ule mkasi taratibu kutoka vidoleni mwake.

"Asante, jirani," mkono ukasema.

"Karibu, jirani," mwanamke akasema, akageuka, akaniona. "We! Nani wewe?"

"Mimi ndiye jirani," nikamwambia.

Nyuma ya plaiwudi kitu kilianguka. Kisha mlango mdogo uliokatwa kwenye ile mbao ukafunguka kwa kukwaruza sakafu, na Randa akatokea na fulana yenye tundu begani, suruali imekatwa mguu mmoja kwa wembe, mwingine bado unangoja mkasi.

"Umekujaje?" aliuliza.

"Kwa miguu. Zamu imeisha?"

"Nisikilize kwanza, mpenzi."

"Usiniite hivyo. Mbele ya jirani yako unaniita hivyo?"

Yule mwanamke alivuta kigoda. "Karibu wifi, kaa kwanza, upumue."

"Wifi yako nani?" nikamgeukia. "Huyu mlizaliwa tumbo moja lini?"

"Si hivyo. Nimekuheshimu tu."

"Umeniheshimu? Umemuitikia mchumba wangu abee, unampa mikasi, halafu mimi ni wifi! Na pazia lako analipiga picha anatuma kwetu, mama yangu analisifia!"

Msusi alimtazama Randa. Randa akatazama sakafu. Nikaona kuna kitu wanakijua wote wawili nami sikijui, na hilo liliniuma kuliko mkasi.

"Mwonyeshe," msusi alisema polepole. "Mwonyeshe kwako, mwanaume wewe. Umalize."

"Nionyeshwe nini tena?"

Randa alisogea kando, akaushika ule mlango wa plaiwudi usinigonge, nikainama nikaingia.

Hakukuwa na dirisha. Mwanga uliokuwemo ni ule uliovuka kutoka juu ya plaiwudi, kutoka kwa msusi. Godoro lilikuwa chini, limekunjwa kidogo upande wa miguu kwa sababu chumba hakikulitosha. Mashati kwenye misumari, lile lililopigwa pasi likiwa la kwanza. Ndoo. Sahani moja. Plaiwudi yenyewe ilikuwa imepinda, imeshikiliwa na vipande vya mbao vilivyopigiliwa ovyo, hata mimi mshona nguo niliona haijapimwa. Nikakumbuka milango aliyotengeneza kijijini, iliyokuwa ikifunga bila sauti.

"Umekaa hapa tangu uje?"

"Tangu nije."

"Na ile karakana uliyonisimulia kwenye simu? Milango ya majumba makubwa?"

Alikaa kwenye godoro. "Milango inakuja imeshatengenezwa, kwenye maboksi. Mimi naipakia kwenye gari na kuishusha. Ndani yake ni makaratasi. Ukiigonga inalia boksi." Aligonga ukuta kunionyesha. "Sijashika mbao toka niondoke nyumbani."

"Hata hii huwezi kuinyoosha? Wewe?"

"Nikiinyoosha ndiyo nimekubali kuwa ni kwangu."

Nilitaka kumkumbatia. Nasema ukweli, nilitaka. Lakini kila nikimsogelea nasikia ile abee.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Mama yako alikuwa anatafuta sababu tu. Ningesema nalala nyuma ya plaiwudi, posa ingerudi siku hiyo hiyo. Nikamwomba huyu dada nikae kitandani kwake nipigwe picha. Alinipiga yeye mwenyewe, akiwa koridoni."

"Kulala huku si kosa," nikamwambia. "Na mimi sishoni, unajua. Nakunja mashuka ya watu nisiowajua. Kosa ni jina. Umempa jina langu."

"Ni neno tu. Mtu wa chumba cha pili anaitwa nani?"

"Randa," nilimwonya.

"Kweli, kila mtu anasema jirani."

"Nilikuwa mlangoni. Nimelisikia ulivyolisema. Ungelisema kama kila mtu nisingeusukuma ule mlango kwa bega. Niangalie halafu uniambie tena ni neno tu."

Aliniangalia. Hakusema tena ni neno tu. Alijifuta uso kwa fulana.

"Nilikuwa na hamu ya kulisema," alisema. "Asubuhi ya kwanza nilisikia mtu anatembea nyuma ya mbao, anaburuta ndala. Sikujua ni nani. Likanitoka tu, jirani! Akaitika abee. Sikumfundisha, alikuja nayo kutoka kwao. Nikajikuta kesho yake nasema tena."

"Na ukaona raha."

"Nikaona raha."

"Na mimi nilipokuja, mbona hukuniita?"

"Kwenye benchi? Magari yanapita? Nilijaribu. Lilikuwa halitoki. Niliona haya, kwa sababu nilikuwa nimeshalitumia."

Hapo nilimpiga. Si kwa nguvu, kofi la bega, lakini lilisikika.

"Wifi," sauti ya msusi ilivuka juu ya plaiwudi.

"Hakuna aliyekuuliza!"

"Najua. Lakini nina masikio, na hii mbao si ukuta. Sijawahi kuvuka huo mlango. Yeye kwangu hupita tu akienda nje, kukaa alikaa siku ya picha, na mimi nilisimama koridoni." Tukasikia kigoda kikivutwa. "Nilijua toka mwanzo kuwa haniiti mimi. Mtu ukiitwa wewe unajua. Nilikuwa naitika tu, kwa kuwa huku hakuna mwingine anayeniita."

Angesema hampendi ningemsuta kwa uongo. Angesema anampenda ningemrukia. Alichosema kilinikosesha pa kushika. Nilitoka mle ndani nikamkuta amekaa kwenye kigoda chake, sindano ya kushonea mawigi iko mkononi, haishoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikaona wazi kwamba anampenda, na kwamba hakuwahi kumwambia, na kwamba hata sasa hatamwambia. Nilimwonea wivu na huruma kwa pamoja, ila wivu ulikuwa mwingi zaidi.

Simu yangu ikaanza kuita. "Mama!" nikasema. Nilikuwa nimemsahau.

Wote watatu tuliruka. Msusi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata akili, alinyoosha shuka la kitanda chake kwa viganja, akatupa wigi chini ya meza.

"Kaeni hapa," alinong'ona. "Mwanga mzuri. Hilo pazia mama ameshalizoea. Mimi natoka."

Randa alinitazama. Macho yake yaliniomba, hayakuficha. Simu ikaendelea kuita. Nilijua kwamba nikikaa kwenye kitanda kile mama atafurahi, posa itakuwa salama, na sote tutaendelea, yeye na boksi lake, mimi na mashuka yangu, tukionana kwenye benchi. Nililishika pazia. Pindo lilikuwa jembamba, mishono yote inalingana.

"Umeshona mwenyewe?"

"Mwenyewe," msusi alisema.

"Una mkono mzuri," nikamwambia, maana kazi nzuri siwezi kuikataa hata ikiwa ya adui. "Lakini mimi sikai hapo."

Niliingia tena nyuma ya plaiwudi, nikamvuta Randa kwa fulana yake yenye tundu, tukakaa kwenye godoro. Nikapokea.

Paji la uso la mama lilijaa kioo kizima.

"Mama, isogeze mbali, naona kipaji tu."

"Mbona giza? Uko wapi?"

"Kwa Randa."

"Shikamoo mama," Randa alisema.

"Marahaba. Umekonda wewe! Haya nionyesheni hicho chumba. Pazia liko wapi?"

"Pazia si lake, mama," nikasema. Randa akanishika goti. Sikunyamaza. "Chumba ni hiki." Niliigeuza simu taratibu, nikaipitisha kwenye misumari, kwenye ndoo, kwenye plaiwudi iliyopinda.

"Hiyo ni stoo?"

"Ni chumba."

Tulisikia kuku wa nyumbani wakilia nyuma yake. Kaka aliuliza kitu, mama akamwambia nyamaza.

"Na wewe? Hizo nguo za harusi?"

"Hakuna nguo za harusi, mama. Nakunja mashuka ya hotelini."

"Ya nani?"

"Ya wageni. Siwajui."

Mama hakufoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele yake. "Kwa hiyo nimedanganywa na pande zote mbili," alisema. "Mimi nawasifia huku kanisani na sokoni, kumbe mmoja yuko stoo na mwingine anakunja mashuka. Angalau mmefanana. Nilidhani unaolewa na mtu asiyekufaa."

Randa alicheka bila kutaka, kisha machozi yakamtoka, akageukia ukutani.

Msusi hakujua kuwa kwenye simu kunaonekana mlango mdogo. Alipita kufuata mkoba wake, nywele zake na yote, akaonekana mzima mzima.

"We, we, we," mama alisogeza uso. "Huyo aliyepita ni nani?"

Nyuma ya plaiwudi hatua zilisimama. Nilikuwa na majibu mengi mdomoni, na lolote ningesema mama angelimaliza jambo lile kabla ya Jumatatu.

"Ni jirani, mama."

"Jirani tu?"

"Jirani tu."

Lilinitoka kavu, bila kupanda mwishoni. Nilihisi nimevua kitu nilichokivaa tangu siku za ule ua nikampa mtu asiye ndugu yangu. Mama si mtoto. "Rudini," alisema. "Wote. Njooni mnidanganye hapa hapa." Simu ikakatika.

Randa alitaka kunishika mikono. Niliinuka.

"Mkataba wangu ukiisha sisaini mwingine," nikamwambia. "Narudi. Cherehani yangu iko pale pale nilipoifunika."

"Na mimi nirudi mikono mitupu? Kijiji kizima kinaningoja nishuke na masanduku."

"Uliondoka na mikono hiyo hiyo."

"Si rahisi hivyo, mpenzi."

"Haya. Baki. Hutakosa wa kumwita."

Nilipita kwa msusi bila kumwangalia, nikatoka koridoni, nikaruka ndoo moja, nikagonga nyingine. Nilikuwa nimeshafika kichwa cha ngazi Randa aliponiita. Aliniita kwa ile sauti, yote, iliyopanda mwishoni na kuvutwa, kama vile kati yetu kuna michongoma na jua ndiyo kwanza linatoka.

"Jirani!"

Mwili wote ukageuka wenyewe. Nikafungua mdomo.

"Abee!" akaitika msusi kule ndani. Kisha tukasikia anajipiga kofi mdomoni. "Yesu wangu! Samahani jamani! Samahani, nimezoea!"

Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia. Randa alisimama katikati ya korido, mguu mmoja wa suruali mfupi, mwingine mrefu, hajui aende mbele au arudi.

"Umesikia?" nikamwambia. "Huku lina mwenyewe. Ukilitaka lile langu, njoo uliseme pale lilipoanzia. Usinitumie kwa simu. Na usiniite mpenzi."

Aliingia ndani. Nikadhani ndiyo jibu lake, nikakanyaga ngazi ya kwanza. Nikasikia godoro likiburutwa, na akatoka tena amekumbatia furushi. Nilikitambua kitambaa chake kabla hajafika, ni kile cha mistari nilichomshonea kufungia vifaa siku aliyosafiri. Fundo lilikuwa langu, halijawahi kufunguliwa.

"Chukua," alisema.

"Nini?"

"Randa. Na patasi, na msumeno mdogo. Vitangulie."

"Umevificha chini ya godoro muda wote huu?"

"Ndiyo maana navitoa. Vikiwa kwako nitalazimika kuvifuata." Alilisukuma furushi kifuani kwangu. "Usimpe mtu. Kaka yako asiitumie kupasulia kuni."

"Nitaviweka upande wetu wa ua. Ukija utaviomba."

"Nitaviomba vipi?"

"Unajua unavyoomba."

Alitikisa kichwa kukubali. Midomo yake ilikaa tayari, nikaona anataka kulisema tena palepale, nikamwekea kidole mdomoni. Kilikuwa na lengelenge. Alilibusu lengelenge lile, nikauondoa mkono haraka kabla sijabadili mawazo.

Furushi lilikuwa zito, chuma kinanigonga nyonga kila hatua. Nilishuka polepole kuliko ilivyohitajika, nimetega sikio kwenye kila ngazi. Nilitaka kusikia kama ataita tena, na nani ataitika. Juu kule mlango wa plaiwudi ulikwaruza sakafu, ukafungwa. Nikasimama, nikangoja.

Hakuita.